Menyu Isiyofunguka: Programu-jalizi za JavaScript na Simu ya Mteja

Spring Valley ni mtaa wa miti mikubwa na nyumba zenye bustani, nje kidogo ya Westlands ukifuata Barabara ya Lower Kabete kuelekea Wangige. Kwa muda mrefu umekuwa mtaa wa makazi, lakini kando ya Lower Kabete na Peponi Road baadhi ya nyumba zimegeuka ofisi, kliniki, shule za watoto wadogo na mikahawa. Mteja mgeni huanza kuzijua biashara za namna hii akiwa bado ndani ya matatu: anatoa simu, anaandika jina, anafungua tovuti aone bei na saa za kazi.

Kinachofuata kila mwenye simu anakijua. Juu kwenye kona pana mistari mitatu midogo. Ukiigusa, menyu inashuka. Chini yake picha zinapishana zenyewe: kikombe cha kahawa, meza za nje, keki. Pana kitufe cha kuhifadhi meza, na ukikibonyeza kisanduku kinachomoza katikati ya skrini huku ukurasa wa nyuma ukififia. Pana na orodha ya maswali yaliyofungwa, kila moja likisubiri kuguswa ili litoe jibu lake.

Vitu hivyo vinne utavikuta kwenye tovuti ya mkahawa, ya wakili, ya shule na ya duka la vipuri, na vinafanana kwa sababu mara nyingi vimetoka mahali pamoja. Fundi wa tovuti hakuvichonga yeye. Amevichukua vikiwa tayari kutoka kwenye fremuweki, yaani mkusanyiko wa vipande vya kujengea kurasa. Kinachovifanya vifunguke, vijifunge na vitembee ni programu-jalizi za JavaScript, ambazo mafundi wenyewe wamezoea kuziita plagini.

Ukurasa wa kawaida wa mtandao hujengwa kwa lugha tatu. HTML husema kilichomo: hiki ni kichwa, hiki ni kitufe, hii ni picha. CSS hutoa sura: rangi, ukubwa, mahali pa kukaa. JavaScript huleta matendo. Lugha hii ya tatu iliandikwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwezi Mei 1995, kwa siku 10, na leo imo ndani ya karibu kila kivinjari, kuanzia cha kompyuta ya ofisini hadi cha simu janja ya bei nafuu. Bila JavaScript, ile mistari mitatu ya kwenye kona ingebaki mchoro tu.

Fremuweki iliyoenea kuliko nyingi katika kazi hii ni Bootstrap. Mark Otto na Jacob Thornton walikuwa wafanyakazi wa Twitter walipoitunga, kusudi timu za ndani ya kampuni ziache kujenga kila moja vitufe na fomu zake zisizofanana na za wenzao. Mwanzoni iliitwa Twitter Blueprint. Tarehe 19 Agosti 2011 ikatolewa kwa umma, msimbo wake wote wazi, bila malipo.

Iliwafikia mafundi wa Nairobi kwa wakati mwafaka. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilikuwa zimetua Mombasa mwaka 2009 na kumaliza enzi ya kutegemea setilaiti. Machi 2010 iHub ikafungua milango katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, na kuwapa vijana wa teknolojia meza, intaneti ya kasi na watu wa kuwauliza maswali. Fundi aliyekuwa akifanya kazi peke yake, mwenye mteja wa Westlands anayetaka tovuti kabla ya Ijumaa, sasa aliweza kutoa kazi yenye sura nadhifu bila kuajiri mchoraji.

Namna programu-jalizi hizi zinavyofanya kazi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Fundi anaandika kitufe cha kawaida cha HTML, kisha anakibandika alama mbili. Ya kwanza, data-bs-toggle, inasema kitufe hiki kinaendesha kitu gani: menyu, kisanduku, au jibu linalojificha. Ya pili, data-bs-target, inataja jina la kitu chenyewe. Basi. Ukurasa ukishapakiwa, msimbo wa Bootstrap hukaa ukisikiliza. Mteja akigusa mahali, msimbo unauliza: kilichoguswa kina ile alama? Kikiwa nayo, unatafuta kilichotajwa, unakibadilishia darasa la CSS, na kisanduku kinajitokeza taratibu. Fundi anaweza kujenga tovuti nzima kwa njia hii asiandike hata mstari mmoja wa JavaScript kwa mkono wake.

Vipo vichache visivyofuata utaratibu huo. Vidokezo vinavyotokea juu ya neno ukiligusa havijiwashi vyenyewe. Watunzi wa Bootstrap waliviacha hivyo makusudi, kwa sababu kuviwasha vyote kwa pamoja kungeuchosha ukurasa, hivyo fundi huviwasha kwa mkono. Isitoshe, vidokezo na menyu za kushuka hutegemea maktaba nyingine iitwayo Popper, ambayo hupima nafasi iliyobaki kwenye skrini na kuamua menyu ishuke au ipande. Asiyejua kwamba Popper ipo hushangaa kuona sehemu moja ya tovuti inafanya kazi na nyingine imekufa.

Hapo ndipo kiini cha jambo zima kilipo. Fundi wa nyumba anayenunua mlango uliokwisha undwa, wenye bawaba na kitasa chake, hupunguza kazi ya wiki ikawa ya saa moja, lakini bado lazima ajue mlango unafunguka upande gani na bawaba zinataka fremu ya unene gani. Programu-jalizi ni vivyo hivyo. Ina vitu inavyovitegemea, ina toleo lake, ina uzito wake, na ina mtu anayeitunza mahali fulani duniani. Fundi akivipuuza hivyo, hasara haimwangukii yeye aliye na kompyuta nzuri na waya wa ofisini. Inamwangukia mwenye simu.

Kwa muda mrefu utegemezi mkubwa kuliko wote uliitwa jQuery. John Resig aliitangaza Januari 2006 jijini New York, wakati ambapo vivinjari vilikuwa havielewani: msimbo uliofanya kazi kwenye kimoja ulivunjika kwenye kingine. jQuery ilisimama katikati na kuficha tofauti hizo, na programu-jalizi nyingi zikajengwa juu yake, zikiwamo za Bootstrap tangu mwanzo.

Kenya ilionja faida ya vipande hivi mapema. Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa Januari 2008 na Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, lilipokea taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Toleo lililokuja kusambaa duniani, ambalo kundi lolote liliweza kulipakua na kulisimika kwenye seva yake, lilitumia OpenLayers kwa ramani na jQuery kwa matendo ya ukurasa. Maktaba zote mbili ziliandikwa na watu wengine, kwa sababu nyingine kabisa. Timu ndogo iliyotawanyika isingepata nafasi ya kuandika kichora-ramani chake na hapohapo kuhakiki taarifa za watu waliokuwa hatarini. Walichukua kilichokuwepo, nguvu zao wakazielekeza kwenye lile ambalo hakuna mwingine angelifanya.

Lakini vivinjari vilikomaa. Tofauti ambazo jQuery ilizificha zilipungua mwaka hadi mwaka, na tarehe 5 Mei 2021 Bootstrap ilipotoa toleo la 5 iliachana na jQuery kabisa. Kwa mwenye simu hiyo ilikuwa habari njema: jQuery ya matoleo ya 3, hata ikibanwa, ni takriban kilobaiti 30 za kupakua kabla kitu chochote hakijafunguka. Kwa fundi, toleo hilo lilikuja na badiliko dogo lililosumbua wengi. Alama zote zilipewa herufi mbili mpya, bs. Iliyokuwa data-toggle ikawa data-bs-toggle.

Menyu nyingi zisizofunguka zimezaliwa na herufi hizo mbili. Fundi anapata somo la zamani mtandaoni, ananakili kitufe chenye alama ya toleo la 4, anakibandika kwenye ukurasa unaopakia toleo la 5. Ukurasa unaonekana sawa: rangi zipo, mistari mitatu ipo. Ukiigusa, kimya. Hakuna onyo lolote, kwa sababu kwa kivinjari alama kisiyoijua si kosa. Ni maandishi tu. Namna nyingine ya ugonjwa huo ni kupakia matoleo mawili kwa pamoja, moja lililokuja na kiolezo cha kununua na jingine aliloongeza fundi, yakawa yanagombea kitufe kimoja: menyu inafunguka na kujifunga kwa mguso uleule. Dawa si kuongeza programu-jalizi ya tatu. Ni kusoma namba ya toleo kwenye faili linalopakiwa, kisha kufuata mwongozo wa toleo hilohilo, si wa lingine.

Uzito nao una hesabu yake. Faili zima la JavaScript la Bootstrap 5 lililofinywa (min), Popper ikiwa ndani, ni takriban kilobaiti 80, nalo likibanwa kwa safari hushuka hadi robo ya kiasi hicho na kidogo. Si nyingi: picha moja ya keki iliyopigwa kwa simu na kupandishwa bila kupunguzwa inaweza kuzidi hapo mara nyingi, na mwenye mkahawa anayelalamikia tovuti nzito aanze na picha zake. Ila picha na msimbo havilingani katika kazi vinavyoipa simu. Picha ikishafika huonyeshwa. Msimbo ukifika lazima usomwe, utafsiriwe na uendeshwe, na kichakataji cha simu ya bei nafuu hufanya kazi hiyo polepole mno kuliko cha kompyuta ya fundi. Ndiyo maana mteja hugusa mistari mitatu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha menyu ikafunguka na kujifunga mfululizo: miguso yote ilikuwa imepanga foleni.

Bootstrap inaruhusu kuchukua programu-jalizi moja moja. Tovuti yenye menyu na kisanduku tu haina haja ya kubeba picha zinazopishana, vidokezo na vingine vyote. Kazi hiyo inahitaji hatua ya ziada ya kuunganisha faili kabla ya kuzipandisha, nayo huwashinda wengi kwa uvivu kuliko kwa ugumu. Mteja aliyenunua bando la siku anastahili hatua hiyo.

Halafu kuna swali la mahali faili linapotoka. Mafundi wengi hawaliweki kwenye seva yao; huandika anwani ya hifadhi ya usambazaji, kama jsDelivr, ambayo ina nakala katika sehemu nyingi duniani na humpa mteja iliyo karibu. Nairobi ina bahati katika hili. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP, kilichoanza mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti na kufunguliwa tena Februari 2002, kinawezesha data ya ndani ibaki ndani badala ya kuzunguka ng'ambo. Lakini njia za nje si za kuaminiwa daima. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na majirani zao. Siku kama hiyo tovuti inayotegemea hifadhi tano tofauti kwa programu-jalizi tano ina nafasi tano za kukwama. Iliyoweka faili zake zote mahali pamoja ina moja.

Kuna hatari kubwa kuliko kukwama. Kulikuwa na huduma iitwayo polyfill.io, iliyokuwa ikivipa vivinjari vya zamani uwezo ambao vilikuwa havina. Tovuti nyingi ziliandika anwani yake na kuisahau. Februari 2024 anwani hiyo ilinunuliwa na kampuni iitwayo Funnull, na mwezi Juni wachunguzi wa kampuni ya Sansec walieleza kwamba msimbo uliokuwa ukitoka hapo ulikuwa umetiwa sumu: baadhi ya watumiaji wa simu walipelekwa kwenye tovuti za kamari. Zaidi ya tovuti 100,000 zilikuwa zikiipakia. Wamiliki wake hawakuwa wamegusa chochote kwenye kurasa zao.

Kinga ipo, na haina gharama. Anwani rasmi ya Bootstrap huja na alama ya integrity, ambayo ni alama ya kidole ya faili lenyewe. Kivinjari hulipima faili lililofika na kulikataa likiwa tofauti hata kwa herufi moja. Wanaonakili anwani na kuifuta alama hiyo kwa sababu ni ndefu na inachafua macho wanatupa kinga yao wenyewe.

Baada ya maonyo hayo yote, haifai kudhani kwamba fundi bora ni yule anayeandika kila kitu mwenyewe. Kuna kazi ambayo programu-jalizi nzuri huifanya bila kuonekana. Chukua kile kisanduku cha kuhifadhi meza. Mtu mwenye macho anakiona kikichomoza. Asiyeona, anayesomewa ukurasa kwa sauti na programu ya simu au kompyuta, lazima aambiwe kwamba kisanduku kimefunguka, asipotelee kwenye maneno ya ukurasa wa nyuma, aweze kukifunga kwa kitufe cha Esc, na kikifungwa arudishwe palepale alipokuwa. Kisanduku cha Bootstrap hufanya hayo yote. Fundi anayejichongea chake kwa haraka husahau angalau mawili, na hajui amesahau, kwa kuwa yeye anatumia kipanya.

Jambo hili lina uzito wake Kenya. Tangu mwaka 2009 shirika la inABLE limekuwa likianzisha maabara za kompyuta katika shule za wasioona, kuanzia Shule ya Msingi ya Wasioona ya Thika, na vijana waliofunzwa huko sasa ni wateja, wanafunzi wa vyuo na waajiriwa. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake, KS 2952, kinachoeleza namna bidhaa na huduma za teknolojia zinavyopaswa kufikiwa na watu wenye ulemavu. Si kila programu-jalizi inastahili sifa hapa: mwongozo wa Bootstrap wenyewe unaonya kwamba picha zinazopishana zenyewe kwa jumla hazikidhi viwango vya ufikivu. Mwenye tovuti akiambiwa aondoe kitu kimoja, aondoe hizo. Wateja wachache sana husubiri picha ya nne ifike.

Vivinjari navyo vimeanza kujifanyia. HTML ya sasa ina kipengele cha details kwa maswali yanayofunguka, na kipengele cha dialog kwa visanduku. Hicho cha pili kimetambuliwa na vivinjari vyote vikuu tangu Machi 2022, Firefox na Safari zilipokubali. Havihitaji fremuweki. Tatizo ni simu ambazo hazijasasishwa kwa miaka, na fundi mwenye busara hukopa simu ya namna hiyo na kujaribu kabla ya kuamua.

Mgongano mwingine huwapata mafundi waliopiga hatua. Nairobi ya leo haijengi kurasa za HTML tupu pekee. Kuna React, Vue na Angular, ambazo hujenga ukurasa kwa vijenzi, kila kimoja na hali yake. Fremuweki hizi hutaka kuujua ukurasa wote zenyewe. Zinashika kumbukumbu ya kila kilichoonyeshwa, na kitu kikibadilika hulinganisha hali mpya na kumbukumbu hiyo, kisha hurekebisha skrini. Programu-jalizi ya Bootstrap huubadilisha ukurasa moja kwa moja bila kuziarifu. Matokeo ni mikono miwili katika chungu kimoja: menyu inafunguka na kukwama wazi, au kisanduku kinafungwa huku kivuli chake kikibaki juu ya ukurasa na kuzuia kila mguso. Watunzi wa Bootstrap wanalisema wazi katika mwongozo wao: CSS yao inafaa popote, JavaScript yao haipatani kikamilifu na fremuweki hizo. Atumiaye React anashauriwa kuchukua React-Bootstrap, ambamo visanduku na menyu vimeandikwa upya kwa njia ya React. Atumiaye Angular ana ng-bootstrap. Sura ni ileile, mkono ni mmoja.

Watoa huduma za malipo walilazimika kulifikiria suala hili mapema, kwa kuwa fedha hazisamehi mgongano. Pesapal, kampuni ya Nairobi iliyoanza mwaka 2009, katika mfumo wake wa kwanza iliwaonyesha wateja ukurasa wake wa malipo ndani ya fremu katikati ya tovuti ya muuzaji, kama dirisha la nyumba nyingine. Msimbo wa muuzaji haukuweza kugusa kilichomo. IntaSend, kampuni nyingine ya Kenya, inatoa programu-jalizi inayofuata desturi ya Bootstrap: muuzaji anaandika kitufe cha kawaida, anakipa darasa la intaSendPayButton, anabandika data-amount kwa kiasi na data-currency kwa sarafu, na mteja akikigusa anaweza kulipa kwa M-Pesa au kadi. Fundi mdogo wa mtaani anaweza kuisimika kwa muda mfupi. Lakini kilicho kwenye simu ya mteja kiko mikononi mwa mteja. Mjuzi anaweza kubadilisha kiasi kilichoandikwa kwenye kitufe kabla ya kukibonyeza. Seva ya muuzaji ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba fedha zilizofika zinalingana na bei, kabla ya mzigo kuondoka dukani.

Mfano mkubwa wa matumizi ya programu-jalizi za vijenzi hauko kwenye mikahawa wala maduka. Uko hospitalini. Magharibi mwa Kenya, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa kwenye kompyuta mwaka 2001. Kazi hiyo, iliyounganisha wataalamu wa Eldoret na wa Indiana nchini Marekani, ilizaa mfumo wa OpenMRS, ulioanza kutungwa 2004 na kuingia kazini Eldoret mwezi Februari 2006. Juu yake ukajengwa KenyaEMR, ulioanza kutumika 2012 na ukaenea katika vituo vya afya vya umma, hasa kwenye huduma za VVU.

Kizazi cha sasa cha OpenMRS, kinachoitwa O3, kimejengwa kwa React na vijenzi vya Carbon, mkusanyiko wa IBM ulio wazi kwa wote. Ukurasa wa mgonjwa si programu moja kubwa. Kuna ganda tupu, na ndani yake moduli zinazojitegemea: ya vipimo vya mwili, ya dawa, ya miadi, na nyinginezo. Ganda linapofunguka husoma orodha inayotaja kila moduli na anwani ya faili lake, kisha huzipakia zinapohitajika. Kurasa zimeachiwa nafasi zenye majina, na kila moduli hutangaza ni kijenzi gani inataka kukiweka katika nafasi ipi. Moduli mbili zilizoandikwa na timu zisizojuana zinaweza kukaa kwenye skrini moja bila kushikana mashati, kwa sababu zote zinafuata makubaliano yaliyowekwa mapema ya nani anagusa nini.

Kwa daktari wa zahanati hilo lina maana ya moja kwa moja. Kituo kisichotoa huduma fulani kinaweza kuiondoa sehemu yake kwa kubadilisha usanidi, bila mtu kuugusa msimbo. Kitu kipya kikihitajika Kenya, kwa mfano kazi za foleni au za malipo ya wagonjwa, timu ya hapa huandika moduli yake na kuiongeza kwenye orodha, huku moduli za msingi zikiendelea kutunzwa kwa ushirikiano na watu wa nchi nyingine. Sehemu ya Kenya imewekwa kwenye GitHub chini ya jina palladiumkenya, katika hazina ambazo majina yake huanza na kenyaemr-esm. Fundi yeyote wa Spring Valley, Eldoret au Mombasa anaweza kuzifungua leo, akaona jinsi kitufe kimoja cha kumsajili mgonjwa kinavyoandikwa, na akituma marekebisho yakakubaliwa, yatafika kwenye meza ya muuguzi ambaye hatawahi kuonana naye.